Kurudisha distributa ya 22R baada ya injini kuzungushwa: nianzie wapi kupata taimingi (wakati wa cheche)?

Hilux_Makambako

Ndugu zangu mafundi na wenye magari, habari za kazi.

Ninaendesha Hilux yenye injini ya 22R ya kabureta, ambayo kwa miezi kadhaa ilikuwa ikivuja oili pale distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) inapoingia kwenye silinda hedi, mpaka ubavu mzima wa injini ukawa mweusi. Jumamosi iliyopita niliamua kuitoa ili nibadilishe o-ringi. Kuitoa hakukunisumbua hata kidogo: nilifungua kofia, nikachomoa mipira ya vakyumu na soketi ya waya, nikalegeza bolti moja, ikatoka. O-ringi ya zamani ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama plastiki, ikavunjika vipande viwili nilipoigusa na bisibisi.

Kosa nililofanya ni kutoweka alama yoyote kabla ya kuichomoa. Kosa la pili ni kwamba mdogo wangu, akijaribu betri tuliyokuwa tumetoka kuichaji, alipiga stata wakati distributa iko mezani, na injini ikazunguka sijui mara ngapi.

Nilipoirudisha, nilizungusha puli ya krankishafti mpaka alama yake ikakaa kwenye 0, nikaingiza distributa huku rota (ule mkono unaozunguka chini ya kofia) ikitazama waya wa plagi ya silinda ya 1, nikafunga. Tangu hapo gari haliwaki. Linarudisha moto kwenye kabureta kwa kishindo, na wakati mwingine stata inakwama kana kwamba kuna kitu kinaisukuma nyuma. Nyaya za plagi nimezihakiki mara tatu, ziko 1-3-4-2. Cheche ipo na mafuta yapo.

Naomba kuelekezwa nimekosea wapi, na kama kuna njia ya kuhakikisha bila kufungua kava ya cheni. Taa ya taimingi sina, na huku niliko sijui wa kuniazima.

Fundi_Soweto_Mbeya

Ndugu yangu, pole. Kwanza acha kabisa kupiga stata, kwa sababu moto unaorudi kwenye kabureta unaweza kuwasha kichujio cha hewa, na stata inayosukumwa nyuma huvunja meno.

Uwezekano mkubwa ni kwamba umeiweka distributa kwenye mpigo usio wake. Krankishafti huzunguka mara mbili ndipo kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, izunguke mara moja, na distributa huenda pamoja na kamshafti. Kwa hiyo alama ya puli inafika kwenye 0 mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi: mara moja pistoni ya 1 ikiwa juu imebana hewa na mafuta, tayari kuwashwa, na mara nyingine ikiwa juu imemaliza kutoa moshi. Katika mara hii ya pili, silinda inayosubiri cheche ni ya 4. Ukiitazama puli peke yake huwezi kuzitofautisha, na hapo ndipo watu wengi hukosea.

Kwenye 22R njia nzuri ya kuhakikisha ni kufungua kava ya valvu, ambayo inashikwa na nati chache tu za juu, na kava ya cheni huigusi. Toa waya hasi wa betri, weka gia huru na breki ya mkono, toa plagi zote nne ili injini izunguke kwa wepesi, kisha zungusha krankishafti kwa soketi ya 19 kwenye bolti ya puli, kwa mwendo wa saa ukiwa umesimama mbele ya gari. Alama inapofika kwenye 0, shika roka mbili za silinda ya 1, ile mikono inayosukuma valvu, kwa vidole. Kama zote mbili zina uhuru mdogo na zinachezacheza, uko kwenye mpigo wa kubana. Kama zimekazana, sogeza puli kidogo mbele na nyuma: utaona valvu moja inafunga huku nyingine inafungua, maana yake uko kwenye mpigo wa kutoa moshi, na unatakiwa kuzungusha krankishafti mzunguko mmoja kamili tena. Ushahidi mwingine uko mbele ya kamshafti, kwenye ile pini inayoshikilia sproketi: pistoni ya 1 ikiwa juu katika mpigo wa kubana, pini hiyo hukaa juu wima.

Asiyetaka kufungua kava anaweza kuziba tundu la plagi ya 1 kwa kidole gumba na kuzungusha polepole. Upepo ukianza kusukuma kidole, pistoni inapanda ikiwa imebana, na hapo ndipo unapoanza kuitafuta alama ya puli. Njia hii inatosha kabisa. Mimi napendelea roka kwa sababu naziona kwa macho, na kava ikiwa wazi napata pia nafasi ya kukagua cheni.

Ukipitiliza alama usirudi nyuma kidogo na kuishia hapo hapo. Rudi robo mzunguko hivi, kisha uje mbele tena mpaka kwenye alama, ili ulegevu wa cheni na wa gia ubaki upande ule ule unaokuwa nao injini ikifanya kazi.

Sasa kuhusu kuiingiza. Gia ya distributa ya 22R ina meno ya mshazari, kwa hiyo inapoteremka inajizungusha. Ukianza kuisukuma huku rota inatazama waya wa 1 barabara, ikifika chini rota itakuwa imekwisha kupita pale ulipotaka. Inabidi uanze nayo ikiwa nyuma ya mahali hapo kwa kiasi kile kile inachojizungusha. Badala ya kukisia kiasi hicho, kipime: iingize distributa mpaka ikae, chora mstari kwenye ukingo wa kasha la distributa mahali ncha ya rota inapotazama, kisha ichomoe polepole ukiiangalia rota inavyogeuka, na meno yanapoachana chora mstari wa pili. Nafasi kati ya mistari hiyo miwili ndiyo ya kurudisha nyuma kabla ya kuisukuma ndani.

Kabla ya kuiingiza kwa mara ya mwisho, usiiache puli kwenye 0. Isogeze ikae kwenye digrii zilizoandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti, zile za kabla ya pistoni kufika juu. Paka o-ringi mpya oili safi, weka tundu la bolti ya distributa katikati ya nafasi yake ili ubaki na uwezo wa kurekebisha pande zote mbili, ingiza, kisha angalia mambo mawili. Rota itazame nguzo ya waya wa 1 ya kofia. Halafu jino la lile gurudumu dogo lililo chini ya rota likabiliane sawasawa na ncha ya koili ya kupokelea ishara. Kama halijakabiliana nayo vizuri, zungusha kasha lote kidogo, usiiguse rota. Uwazi kati ya jino na ncha hiyo uwe kati ya milimita 0.2 na 0.4, na ukiupima tumia filageji ya shaba au plastiki, kwa sababu ile ya chuma huvutwa na sumaku na kukudanganya.

Ukifanya hivyo gari litawaka.

Gereji_Uani

Nakubaliana na Fundi, lakini naongeza kwamba kama tatizo ni nusu mzunguko tu, huna haja ya kuichomoa tena. Hamisha nyaya nne za plagi kwenye kofia, kila moja ikae kwenye nguzo inayotazamana na yake ya sasa: wa 1 uende pa 4, wa 4 uje pa 1, wa 3 uende pa 2, wa 2 uje pa 3. Mfuatano unabaki ule ule na cheche inafika kwenye silinda inayoihitaji. Nimelifikisha gari nyumbani kwa njia hiyo kutoka Mikumi.

Fundi_Soweto_Mbeya

Ni kweli linawaka, na njiani ningefanya hivyo hivyo. Ila kuliacha gari hivyo ni kumtegea fundi mwingine. Siku moja mtu atabadilisha nyaya, atazipanga kama kitabu kinavyosema, na gari litaanza kurudisha moto bila yeye kujua sababu. Nimewahi kupoteza asubuhi nzima kwa gari la namna hiyo, nikibadilisha koili na ignaita ambazo hazikuwa na kosa lolote. Ndugu wa Makambako yuko nyumbani na ana muda. Airudishe mahali pake.

Hilux_Makambako

Nawashukuru sana. Nilifungua kava ya valvu na kweli roka za silinda ya 1 zilikuwa zimekazana, yaani nilikuwa kwenye mpigo wa kutoa moshi. Nimezungusha mzunguko mmoja, nikapima ule mzunguko wa rota kama ulivyoelekeza, nikaingiza. Gari limewaka kwa stata ya kwanza.

Limebaki jambo moja. Likiwa kwenye sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyaga mafuta, linatetemeka, na linatulia tu nikizungusha kasha la distributa mpaka bolti inagonga mwisho wa nafasi yake. Nahisi bado lingetaka kwenda mbele zaidi, lakini nafasi imekwisha. Je, ni kawaida?

Fundi_Soweto_Mbeya

Si kawaida. Distributa iliyokaa jino lake hupata taimingi bolti ikiwa karibu na katikati ya nafasi. Ikilazimika kwenda mpaka ukingoni, umekosea jino moja.

Jino moja ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana. Chukua gia yenye meno 13: jino moja ni karibu digrii 28 za distributa, na kwa kuwa krankishafti huzunguka mara mbili zaidi, ni karibu digrii 55 za krankishafti. Nafasi ya bolti haiwezi kufidia kiasi hicho, inaweza kukusogeza tu mpaka gari liwake kwa shida.

Rudisha puli kwenye alama katika mpigo wa kubana, legeza bolti, rudisha kasha katikati, na utazame rota ilipo. Itakuwa imepita waya wa 1 au haijaufikia. Inyanyue distributa mpaka meno yaachane tu, isogeze rota jino moja kuelekea upande unaotakiwa, na uishushe tena. Fanya hivyo huku umeshika rota kwa kidole kimoja, kwa sababu inateleza kirahisi. Ikikataa kushuka mpaka chini usiilazimishe kwa bolti wala kwa nyundo. Inyanyue, igeuze kidogo sana, iache ishuke kwa uzito wake. Nimeona kasha la aluminiamu lililopasuka sikio kwa sababu mtu alidhani bolti itaivuta ndani.

Kuhusu taa ya taimingi, tafadhali itafute. Kupangilia jino na koili injini ikiwa imezimwa kunakufikisha karibu, hakukufikishi kwenye digrii yenyewe. Mafundi wengi hutega kwa sikio, wakizungusha kasha mpaka injini ipande mzunguko, lakini injini isiyo na mzigo hufurahia cheche ya mapema kuliko inayoifaa barabarani. Utaona inaunguruma vizuri uani, halafu ukipanda Kitonga na mzigo inagonga kwa sauti ya vyuma vidogo, na pistoni ndizo zinazoumia. Ukiichelewesha mno, gari linakosa nguvu, linakula mafuta, na eksozi inapata moto kupita kiasi.

Ukiipata taa, safisha puli na upake alama yake rangi nyeupe, ile ya kufutia maandishi inatosha. Liache gari lipate joto lake la kawaida, chomoa mipira ya vakyumu na uizibe, hakikisha sailensa iko kwenye mzunguko ulioandikwa kwenye kibandiko, kisha bana kishikizo cha taa kwenye waya wa plagi ya 1 na umulike puli. Nyaya za taa na mikono ya shati vikae mbali na feni. Kuzungusha kasha kinyume na mwendo wa rota huleta cheche mapema, na kulizungusha kufuata mwendo wa rota huichelewesha. Alama ikikaa mahali pake kaza bolti, kisha mulika tena, kwa sababu kukaza kwenyewe huweza kulisogeza kasha. Mwisho kanyaga mafuta kidogo uone kama alama inakimbilia upande wa mapema. Isiposogea, vile vyuma vizito vilivyo ndani ya distributa, vinavyotanuka mzunguko unapopanda, vimeganda, na kazi yote uliyofanya itasahihisha sailensa peke yake.

Mama_Corolla_Thika

Samahani kwa kuingilia. Yangu ni Corolla ya 4A-FE, nayo inavuja oili hapo hapo. Je, maelezo haya ya jino na ya kurudisha rota nyuma yananihusu?

Gereji_Uani

Dada, kwako kazi ni nyepesi upande mmoja na inahitaji uangalifu upande mwingine.

Wepesi ni kwamba distributa ya 4A-FE za miaka ya 1990 haina gia ya mshazari. Mwisho wa shafti yake kuna ulimi unaoingia kwenye mfereji ulio mwishoni mwa kamshafti, kwa hiyo hakuna jino la kuruka wala rota haijizungushi inapoingia. Weka pistoni ya 1 juu katika mpigo wa kubana, linganisha mkato wa ule ulimi na alama iliyo kwenye kasha, kisha isukume ndani. Usisahau kuchora mstari mmoja unaopita kwenye kasha na kwenye hedi kabla ya kulegeza bolti, maana kasha bado linazunguka.

Uangalifu uko kwenye kutega. Kompyuta ya gari hilo hupanga cheche yenyewe, na ukimulika taa bila kuizuia utakuwa unafukuza alama isiyotulia. Fungua kile kisanduku cha uchunguzi kilicho kwenye chumba cha injini, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, ndipo umulike. Hapo alama inatakiwa kusoma digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Ukimaliza ondoa waya huo. Angalia mara mbili maandishi ya matundu kabla ya kuunganisha, kwa sababu matundu mengine yana umeme wa betri.

Mzee_wa_504_Nakuru

Vijana, nawapa salamu. Nataka kuongeza neno kwa ajili ya watakaosoma haya wakiwa na magari mengine, kwa kuwa nimeona mtu akiharibikiwa kwa kufuata maelezo ya Toyota kwenye gari lisilo Toyota.

Kwenye Peugeot 504 silinda ya 1 si ile ya mbele karibu na feni. Peugeot huhesabu kuanzia upande wa flaiwili. Ukitafuta mpigo wa kubana kwenye silinda ya mbele, umeutafuta kwenye silinda ya 4. Kwenye Volkswagen ya kobe mfuatano si 1-3-4-2 bali ni 1-4-3-2, na ukingo wa kasha la distributa una mkato mdogo unaoonyesha mahali rota inapotazama silinda ya 1. Kabla ya kugusa spana, kila mtu ajue silinda ya 1 ya gari lake iko wapi na mfuatano wake ni upi.

Hilux_Makambako

Shikamoo Mzee, na asanteni wote.

Nimerudi na majibu. Ilikuwa kweli jino moja. Nimelirekebisha, na sasa bolti imekaa katikati kabisa. Taa ya taimingi niliazimwa na fundi mmoja wa Njombe, nikafuata hatua zote, na gari linapumua vizuri kuliko lilivyokuwa kabla sijaigusa distributa. Oili haivuji tena.

Ila nilipomulika, niliona alama ya puli haitulii. Inacheza digrii mbili au tatu, inaenda na kurudi, ingawa sailensa haibadiliki. Bolti imekazwa na kofia ni mpya. Pia asubuhi, sekunde za kwanza baada ya kuwasha, nasikia mkwaruzo kwa mbele.

Fundi_Soweto_Mbeya

Hongera. Sasa liache gari hilo lipumzike mpaka uangalie cheni.

Distributa yako inaendeshwa na kamshafti, na kamshafti inaendeshwa na cheni, kwa hiyo cheni iliyolegea huonekana kwenye taa kama alama inayocheza. Mkwaruzo wa asubuhi kabla presha ya oili haijajenga unaelekeza huko huko. Injini za 22R zenye cheni ya mstari mmoja zina miongozo ya plastiki, na ile ya upande wa kushoto wa gari huvunjika na umri. Ikishavunjika, cheni hukwaruza kava ya mbele kutoka ndani, mpaka itoboe njia ya maji na maji yaingie kwenye oili.

Fungua tena kava ya valvu, chukua tochi, mulika chini mbele ya sproketi, utaiona miongozo yote miwili. Pia chomoa kijiti cha kupimia oili uangalie kama oili imegeuka rangi ya maziwa. Ikiwa mwongozo mmoja haupo mahali pake, usiliwashe tena. Seti nzima ya cheni, sproketi, kikazio na miongozo ibadilishwe pamoja, na oilisampu iteremshwe, maana vipande vya plastiki vitakuwa vimelala humo karibu na chujio la pampu. Kwa kazi hiyo distributa itatoka tena. Safari hii chora alama zote mbili, ya rota kwenye kasha na ya kasha kwenye hedi, kabla hujaigusa bolti.